Barua ya Nyasi Tasa

Mume wa mdogo wangu anaitwa Mheshimiwa, na hajawahi kuchaguliwa hata kusimamia foleni ya maji. Jina alijipa mwenyewe, watu wakalidaka kwa kumcheka, naye akadhani wamemkubali. Ndivyo alivyo. Ukimcheka anacheka pamoja na wewe, meno yote nje, kisha anakushika bega na kukuuliza habari za nyumbani. Miaka kumi na mitano nimekaa naye meza moja kwenye kila shughuli ya ukoo, na miaka yote hiyo nimejiuliza mdogo wangu alikuwa ameelekeza macho wapi siku aliyomkubali.

Kazi yake ni kupendezesha. Hilo ndilo neno lake. Mtu akimaliza kujenga, Mheshimiwa anakuja na gari lake la mizigo kumpendezeshea: anamwaga kokoto nyeupe, anapanga mawe aliyoyapaka rangi, na katikati ya mawe anapanda zile nyasi. Bila shaka umeziona. Zinaota kwa mafungu, majani membamba yakimwagika pande zote, na juu yake masuke marefu yenye manyoya yanayoyumba hata pasipo na upepo wa maana. Hapa mjini hakuna benki, hoteli wala kliniki ya meno isiyokuwa nazo mlangoni. Watu wazima wenye akili zao hupiga picha wakiwa wamechuchumaa katikati yake. Mhasibu wa ofisini kwetu aliyakausha masuke akayatia kwenye chombo cha maua mezani pake, yakamwaga manyoya juu ya kompyuta mwezi mzima, na bado akawa anatuambia kwamba yanatuliza akili. Akili ipi, sikumuuliza.

Mimi pia kazi yangu ni mimea, ila si ya kupendezesha. Nakaa kwenye chumba cha sampuli, ghorofa ya chini, mwisho wa korido, baada ya choo. Humo mna makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi darini, na ndani ya makabati mna mimea iliyokaushwa kati ya magazeti, ikagundishwa kwenye karatasi ngumu, ikaandikwa ilikotoka, tarehe na jina la aliyeichuma. Chumba kizima kinanuka vidonge vya kufukuza wadudu. Watu huniletea majani wanayotaka kuyajua: mfugaji ambaye ng'ombe wake wamevimba matumbo, polisi mwenye mfuko wa majani anayoomba yawe bangi, mama aliyeuziwa mizizi ya kuongeza damu. Nayatazama kwa lenzi, naandika jina, natia sahihi, nagonga mhuri. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na sita na sitajitia unyenyekevu hapa. Naijua. Sahihi yangu katika mji huu haipingwi.

Basi niseme mapema kilichotokea, nisije nikaonekana nazungukazunguka. Nyasi za Mheshimiwa zimeshuka na mto. Miaka mitatu iliyopita halmashauri ilimpa kazi ya kupendezesha njia ya kutembelea kando ya maji, kule juu karibu na daraja, mita mia tatu kila upande. Kabla hajapanda, ofisa mazingira alidai barua ya mtaalamu. Nyasi hizo ziko za aina mbili. Moja ni tasa, haitoi mbegu, ukiipanda mlangoni inabaki mlangoni. Nyingine inatoa mbegu kwa maelfu, na ikishafika kwenye ukingo wa maji haikamatiki. Zikiwa changa huwezi kuzitofautisha kwa macho. Barua ikatoka, ikasema hizi ni tasa, na Mheshimiwa akapanda. Leo hii zimeteremka kilomita nne chini ya daraja, zimejaza kingo zote mbili, na hakuna anayejua zitaishia wapi.

Barua hiyo niliiandika mimi.

Alikuja saa saba kasoro dakika kumi, saa ambayo mtu mwenye adabu hamwendei mtu ofisini kwake. Alibeba chungu kilichofungwa utepe. Manukato yake yalifika kabla yake, yakashinda hata vile vidonge vya wadudu. "Shemeji Profesa!" akasema, akakalia pembe ya meza yangu, juu kabisa ya karatasi nilizokuwa nazipanga. Mimi si profesa, na nimemwambia hivyo mara nyingi kuliko idadi ya nywele alizobakiwa nazo. Akaweka chungu mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na fungu la nyasi changa, kijani kitupu, bila suke hata moja.

Sasa, nyasi haitambuliwi bila suke. Hilo si jambo la kujadiliana. Ni la siku ya kwanza kazini. Nimewahi kuwarudisha walimu wa chuo kikuu kwa kosa hilo hilo, tena kwa maneno ambayo bado wanayasimulia. Nilitakiwa nimwambie: chukua chungu chako, itunze, ikitoa suke urudi nayo. Lakini hapo palikuwa na hilo neno “urudi”. Miezi miwili baadaye, tena na manukato yale, tena juu ya karatasi zangu. Isitoshe nilijua, au nilidhani najua, kwamba mtu wa aina yake hawezi kununua kitu kingine isipokuwa kile kinachonunuliwa na wote, yaani ile tasa inayouzwa kwenye kila kitalu cha barabarani. Niliamini hana akili ya kutosha hata ya kukosea. Sikuitazama nyasi. Nilimtazama yeye.

"Hutaiangalia kwa ile lenzi yako, Shemeji?" akaniuliza.

"Nimeshaiangalia," nikasema, huku nikiandika.

Alikuwa bado anasimulia habari za chemchemi bandia aliyomjengea daktari mmoja wakati mimi nagonga mhuri. Hata kipande cha majani sikukata nikakiweka kabatini, kama sheria yetu inavyotaka kwa kila barua inayotoka. Sikuona sababu ya kumpa Mheshimiwa nafasi kabatini. Chungu chenyewe alikiondoa, akabeba na barua, akanishukuru mara tatu na kuniambia kwamba mdogo wangu ana bahati ya kuwa na dada kama mimi.

Shangazi alifika ofisini mwezi uliopita. Shangazi ndiye aliyetulea. Mama alifariki nikiwa na miaka sita na mdogo wangu akiwa bado ananyonya, na dada wa baba akatuchukua wote wawili bila kumwomba mtu ruhusa. Alitusomesha kwa matete. Pale mto unapopinda nyuma ya kiwanda cha matofali kuna kitanda cha matete chenye urefu wa hatua mia na ishirini. Hakuna karatasi inayosema ni chake, na hakuna mtu asiyejua kuwa ni chake. Hukata kwa mundu, kidole kimoja juu ya pingili, na kila mistari miwili akikata huuacha wa tatu usimame, ili kitanda kisichoke. Huyaanika, huyapasua, husuka majamvi na mapazia ya madirisha. Nusu ya madirisha ya mji huu yana mapazia yake, pamoja na ya nyumba zilizopendezeshwa.

Yeye hakukalia meza. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia apite, akakaa kwenye kiti cha wageni, akafungua gazeti. Ndani yake mlikuwa na nyasi nzima: mzizi umeoshwa, majani yamenyooshwa, suke limekunjwa vizuri lisivunjike. Pembeni kwenye karatasi ameandika kwa kalamu ya risasi mahali na tarehe. Nilimfundisha hayo siku nyingi, nikiwa mwanafunzi ninayejiona, na hakuyasahau. Kati ya watu wote walioniletea mimea kwa miaka ishirini na sita, wanaoileta hivyo hawafiki kumi.

"Niambie hii ni nini," akasema. "Imeniingilia kitandani. Matete hayachipui tena ilipokaa."

Niliweka suke chini ya lenzi, nikafungua manyoya kwa kibano. Haikuchukua muda. Mbegu zilikuwepo, zimekomaa, zimejaa, kila moja na manyoya yake ya kusafiria. Nikajua palepale ni nini, imetoka wapi, na kwa sahihi ya nani. Nilikaa nimeinamia lenzi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilipokuwa nimeinama hakuona uso wangu.

"Ni nyasi za Mheshimiwa," nikasema.

"Si walisema zile hazizai?"

"Walisema."

Halafu nikaanza kumtukana shemeji yangu, na niseme ukweli, nilijisikia vizuri. Nilimwita mpakaji rangi wa mawe. Nilisema mtu anayeuza manyoya kwa watu wasio na kazi asipewe hata ruhusa ya kukaribia ndoo ya maji, sembuse mto. Shangazi alinisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani. Nilipomaliza akanipa habari nyingine. Halmashauri ilikuwa imeamua kuendeleza ile njia ya kutembelea. Awamu ya pili, kutoka kiwanda cha matofali kwenda chini. Kitanda chake kingefyekwa chote, na mahali pake pangepandwa nyasi za manyoya.

"Kuna mkutano Jumanne," akasema. "Nimeambiwa nikipinga niende na mtaalamu. Wewe ukisema, wataamini. Utakuja, mwanangu?"

"Nitakuja," nikamwambia. Ningesema nini kingine?

Jumamosi nilikwenda kuona kwa macho yangu. Nilipitia ile njia ya juu, na pale daraja nikawakuta wapenzi wa nyasi za Mheshimiwa: wanandoa wapya wamesimama ndani ya nyasi, mpiga picha amelala chini kwa tumbo, dada mmoja akiyachuna masuke kwa mkono na kuyarusha hewani ili yaonekane yakipeperuka. Yalipeperuka kweli. Yalikwenda moja kwa moja majini, na wote wakapiga makofi. Kibao kilichopigiliwa hapo kilisema PENDA MAZINGIRA YAKO.

Chini ya daraja mto ulikuwa hautambuliki. Palipokuwa na mchanga ambapo ndege hutaga, palikuwa na mafungu ya nyasi. Palipokuwa na mapito ya maji madogo, nyasi zilikuwa zimezuia tope, tope likawa tuta, na juu ya tuta nyasi nyingine. Nilihesabu aina za mimea nilizozizoea kutoka zamani, kumi na nne, nikazikuta tano. Kwa Shangazi, upande wa juu wa kitanda ulikuwa umekwenda, hatua arobaini hivi. Matete yaliyobaki yalisimama membamba na ya manjano, na katikati yake yale mafungu, makavu ndani, mabichi nje. Jua kali likija na mtu akatupa kipisi cha sigara, kingewaka kitanda chote kwa mchana mmoja. Shangazi alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anang'oa fungu kwa mikono miwili. Ana miaka sabini na mbili. Lilimshinda, akapumzika, akalirudia. Aliponiona akanipungia mkono kwa furaha, kana kwamba msaada umefika.

Usiku na mchana mpaka Jumanne niliishi na sentensi moja. Niliitunga, nikainyoosha, nikaipiga pasi: Mmea niliouona mimi ulikuwa tasa, alioupanda yeye ni mwingine. Nani angeipinga? Hakukuwa na kipande kabatini. Upande mmoja mimi, miaka ishirini na sita na mhuri. Upande mwingine mtu anayevaa miwani ya jua ukumbini. Kitanda cha Shangazi kingepona, jina langu lingepona, na Mheshimiwa angeonekana tapeli. Mdogo wangu angelia, lakini nilijiambia kwamba kilio hicho alikuwa amekichelewesha miaka kumi na mitano. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Siandiki haya ili nipendwe.

Ukumbi wa halmashauri una feni tatu, na inayozunguka ni moja. Mwenyekiti alikaa chini yake. Alikuwa mtu wa kupenda kusema "kwa ufupi" kila anapokusudia kusema kwa urefu. Wajumbe sita walikuwa wakinywa maji ya chupa na kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Mtu niliyemheshimu humo ndani alikuwa mmoja tu, ofisa mazingira, mwanamke mwenye uso mkavu na faili nene, ambaye hakugusa maji wala hakucheka mzaha wa mwenyekiti. Mheshimiwa aliingia kwa suti rangi ya maziwa, akasalimia kila kiti, karibu hata vile vitupu. Alipomwona Shangazi akainama akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Alimwitikia kwa upole kabisa. Nilichukia.

Shangazi alizungumza kwanza. Hakutia chumvi wala hakulia. Alieleza kitanda chake, jinsi anavyokata, jinsi matete yanavyoshika ukingo usibomoke, na jinsi nyasi zilivyoingia. Akaweka gazeti lake mezani, akalifungua. Wajumbe wakanyoosha shingo. Mmoja akasema, "Lakini ni nzuri, jamani," na mwenzake akakubali.

Ofisa mazingira akatoa barua kwenye faili, akaiinua juu. Niliitambua kwa mbali, kwa jinsi mhuri ulivyokaa upande. Niligonga kwa haraka siku ile.

"Barua hii inasema nyasi hizi ni tasa," akasema. "Na hii hapa ina mbegu, nimeziona. Moja kati ya hizi mbili si kweli. Barua ikiwa sahihi, awamu ya pili itaendelea na mama huyu tutamtafutia mahali pengine. Ikiwa si sahihi, nyasi zote zing'olewe kutoka darajani hadi chini. Sina njia ya tatu. Aliyeitia sahihi yumo humu ukumbini."

Vichwa vikageuka. Nilisimama, nikaivuta sketi, nikawa na sentensi yangu tayari mdomoni.

"Naomba nitangulie, Mwenyekiti," akasema Mheshimiwa.

Alikuwa ameshasimama. Alikuwa ametoa miwani ya jua na hakujua aiweke wapi, akawa anaizungusha vidoleni. Bila miwani alionekana amechoka, na mzee kuliko nilivyomdhania.

"Kosa ni langu," akasema. "Shemeji yangu asilaumiwe. Mimi ndiye niliyempelekea nyasi changa, haina suke. Nilikuwa na haraka ya kazi. Baadaye nilisoma, nikaelewa kwamba nyasi haionyeshwi hivyo. Nilimpelekea kitu nusu, akanijibu kwa kile alichokiona. Mwaka jana nilipoanza kuziona chini ya daraja niliogopa kusema. Nilikuwa natoka alfajiri nang'oa mwenyewe, nikidhani nitazimaliza. Hazimaliziki." Akamgeukia Shangazi. "Nisamehe, Shangazi. Nitaanza kwako. Nitang'oa mpaka ya mwisho, hata kama halmashauri haitanipa kazi nyingine maisha yangu yote."

Hakuna aliyemcheka. Nilisubiri mtu amcheke.

Mwenyekiti alikuwa amepigwa butwaa. Nadhani katika ukumbi ule hakuwahi kusikia mtu akisema kosa ni langu. Akanitazama mimi. "Kwa ufupi, dada mtaalamu," akasema, "ni kweli hayo? Hukuonyeshwa suke?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu. Ilikuwa pana, mchana kweupe, na mlango wake umefunguliwa na mtu niliyemdharau kuliko wote. Ningeweza kusema: ni kweli, na kwa hiyo sikupaswa kuandika. Maneno machache tu.

"Ni kweli," nikasema. "Sikuonyeshwa suke."

Hakuna neno la uongo humo. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kunionea huruma, mjumbe mmoja akasema wataalamu wanapata shida sana na watu, na mwenzake akakubali. Ofisa mazingira alinitazama kidogo zaidi ya wengine, akaandika kitu kwenye faili. Barua ikafutwa, awamu ya pili ikafutwa, na Mheshimiwa akapewa miezi minne kung'oa nyasi zote kwa nguvu zake, na ikaamuliwa asipewe tena kazi ya halmashauri. Akasema asante. Swali lililobaki, mtu mmoja tu ukumbini mle alikuwa na elimu ya kutosha kuliuliza, kwa kuwa elimu hiyo nilimpa mwenyewe. Nilisikia kiti chake kikilia aliponigeukia. Sikugeuka.

Nje Mheshimiwa alinifuata kwenye ngazi. Alinishika bega. "Yameisha, Shemeji Profesa," akasema. "Usikae nayo moyoni. Najua ulinisaidia kwa nia njema." Ningependelea anipige kofi. Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, hata chembe, ili nipate pa kushika. Haikuwepo. Mtu yule alikuwa anaamini kila alichokuwa anasema, na kwa miaka kumi na mitano imani hiyo nilikuwa nimeiita ujinga. Akaenda kuwasha gari, kwa kuwa Shangazi alikuwa amekubali ampeleke kitandani wakaangalie pa kuanzia.

Shangazi alibaki na mimi. Alikuwa anakunja gazeti lake taratibu.

"Bila suke," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ukaandika."

"Nilitaka aondoke," nikasema. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililotoa siku ile, na halikunisaidia chochote.

Alilitia gazeti kwenye mkoba. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa tayari. Alikuwa na haki na mimi nilikuwa na hamu ya kugombezwa. Lakini aliongea kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya kamba.

"Mwaka juzi nilikupigia simu," akasema. "Nilikuambia kuna nyasi mpya imeota juu ya kitanda changu. Fungu moja tu, lina manyoya, sijawahi kuliona. Nikakuuliza nifanye nini. Ukaniambia, Shangazi, nyasi ni nyasi, ikate uitupe. Nikasema sawa, mtoto anajua kazi yake. Nikaikata yote, nikaitupa majini."

Mheshimiwa alikuwa ameshafungua mlango wa gari, amesimama ameushika.

"Sasa nataka kujua," akasema Shangazi. "Siku hiyo ulikuwa unanijibu, au ulikuwa unataka nikate simu?"

Siikumbuki simu hiyo. Nilisimama pale kwenye ngazi nikaitafuta: ilikuwa asubuhi au mchana, nilikuwa na nani, nilikuwa nafanya nini cha maana kiasi hicho. Nimeitafuta tangu Jumanne ile mpaka leo. Yale niliyowajibu mapolisi na walimu wa chuo nayakumbuka neno kwa neno. Hiyo sikuipata.

Shangazi akateremka ngazi, akapanda gari la Mheshimiwa, wakaondoka kuelekea mtoni.